Ubao Niliosema Umekauka

Kuna Alhamisi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio yangu yanapata moto. Umeniambia mradi wenu umekwama, na kwamba mwenzako ndiye aliyeuharibu. Inawezekana. Sijasema unadanganya. Lakini weka hiyo simu chini kidogo nikueleze jinsi na mimi nilivyowahi kuwa na mwenzangu aliyeharibu mradi.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa mwaka wa mwisho kwenye chuo cha ufundi mjini Kitui, msichana peke yangu katika darasa la wavulana, na mdomo nilionao ulitutosha sote. Mradi wetu ulikuwa ni kuunda ubao unaotuliza mpira. Ubao wenyewe ni wa mraba, umekaa juu ya nguzo fupi, na mota mbili chini yake zinauinamisha huku na huku. Juu kuna kamera, ile ya chuo iliyokuwa ikipiga picha za harusi za walimu, nayo inatazama mpira mweupe wa tenisi ya mezani. Kamera inaona mpira uko wapi, kompyuta inapiga hesabu, mota zinainamisha ubao, mpira unarudi katikati. Ukiusukuma kwa kidole unarudi tena. Usinicheke, najua siku hizi mtoto wa sekondari anaunda kitu kama hicho. Wakati wetu kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na kabla hujaingia chumba chake unavua viatu.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Abdi, kijana mpole wa Mwingi, mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo. Yeye alichukua kamera na programu. Mimi nikachukua ubao na mota, maana baba yangu alikuwa fundi wa mbao pale Migwani na nimekulia kwenye maranda. Babake Abdi hakuipenda habari ya chuo tangu mwanzo. Alikuwa amemwambia wazi kwamba akianguka mwaka huu apande lori arudi soko la mbuzi kwa ndugu zake, na mambo ya kompyuta yaishe. Na Bwana Kasyoka, mwalimu aliyetusimamia, alikuwa na sheria yake: kila mtu anapewa alama za sehemu yake, na sehemu yako ikishindwa unarudia mwaka. Kwa hiyo Abdi hakuwa na mwaka wa kurudia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mbao za baba zilikaa darini mwa karakana yake, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, kiangazi kizima na kingine juu yake, kabla randa haijazigusa. Nilipompelekea habari kwamba nataka ubao, akajibu nije mwisho wa mwezi anichagulie mzuri. Mwisho wa mwezi! Na mimi nataka kuwa wa kwanza darasani kusimamisha mradi? Nikaenda kiwanda cha kupasua mbao nyuma ya soko, nikachukua kipande cha jakaranda kilichopasuliwa wiki hiyo hiyo. Kilikuwa cheupe, laini, kinanukia. Kilikuwa pia kibichi, na nilijua, maana ukikigusa kina ubaridi. Nikakipiga randa, nikakipiga msasa, nikakipaka rangi nyeusi upande wa juu ili kamera iuone mpira vizuri. Upande wa chini niliuacha vivyo hivyo, nani angeutazama?

Bwana Kasyoka akalaza rula ya chuma juu yake, akaona uko sawa kabisa.

"Huu umekauka?" akauliza.

"Umekauka, mwalimu. Mimi si ni mtoto wa fundi?"

Abdi alikuwa amesimama pale. Aliniamini, na hakuuliza habari ya ubao tena.

Wiki ya kwanza, woi, tulitamba! Mpira unatetemeka kidogo halafu unatulia katikati. Hata wapishi wa chuo walikuja kuchungulia. Halafu jua la Septemba likaanza kuchoma mabati ya kile chumba, na mpira ukaanza kutoroka. Leo unakimbilia kona ya mlangoni. Abdi anakaa kwenye kompyuta tangu asubuhi, anabadilisha hesabu zake, na kufika saa nane mpira umetulia. Kesho yake unakimbilia kwingine. Anaanza upya. Kila siku anaurekebisha, na kila siku asubuhi umeharibika tena.

Mtu yeyote angesema nini? Nilisema ni programu. Nililisema darasani, nikalisema jikoni, nikalisema mbele ya Bwana Kasyoka mwenyewe, "Mwalimu, ubao wangu hauna neno." Na mwanzoni nililiamini, haki ya Mungu, maana nilikuwa nimejisahaulisha kile kipande cha sokoni. Abdi hakubishana. Aliacha kucheza mpira jioni, akakonda, akawa anajiongelesha. Bwana Kasyoka akamwambia wakaguzi wanakuja Jumatatu, na programu isipotulia, basi.

Ndipo ikaja hiyo Alhamisi. Nilikuwa peke yangu chumbani nikipangusa vumbi. Sijui kwa nini, nikachukua rula ya chuma nikailaza juu ya ubao. Mwanga ukapita chini ya rula. Nikaigeuza upande wa pili, ukapita zaidi. Ubao ulikuwa umekauka kwa chini ambako sikupaka rangi, ukajikunja, na ulikuwa bado unajikunja kidogo kidogo kila siku. Hesabu za Abdi hazikuwa na kosa lolote. Ni mimi.

Abdi akaingia. "Umeona kitu?"

"Hapana," nikasema, nikarudisha rula kwenye droo.

Hilo ndilo linalonichoma, mwanangu. La kwanza lilikuwa haraka ya ujana. Hili la pili nililifanya macho yamefunguka, namwangalia mtu usoni.

Ijumaa nikapanda gari kwenda Migwani na mpango wangu kichwani. Baba atanipa ubao mkavu, nitaupaka rangi nyeusi, Jumatatu alfajiri nitaubadilisha, mpira utatulia, Abdi atapita, na hakuna atakayejua. Nilikuwa nimejidanganya hadi nikaona namfanyia wema! Baba alinisikiliza huku anapiga randa mguu wa kitanda. Nilimweleza yote, maana baba yangu hukuweza kumpa nusu.

"Na huyo kijana," akauliza, "atajua mpira umetulia kwa sababu gani?"

"Hana haja ya kujua, Baba. Atapita."

Akaiweka randa chini. Alikuwa akiniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na siku ile aliniita hivyo polepole sana. "Mwaitu, atapita akijua kwamba kazi yake ilikuwa mbovu kisha ikapona yenyewe. Kesho akiajiriwa, ataiamini vipi mikono yake? Utakuwa umempa cheti na kumnyang'anya ufundi."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Ubao ninao," akasema. "Nitaukata kipimo hicho hicho leo. Lakini sikupi wewe. Nitampa Abdi, mkononi mwake. Nenda umlete."

Nilimsihi, nikakasirika, nikamwambia hanipendi. Akarudi kwenye mguu wake wa kitanda. Wazee wa namna hiyo hawapigi kelele, na ndiyo sababu huwezi kubishana nao.

Jumamosi nikamkuta Abdi bwenini anafunga sanduku. Alikuwa ameshamtumia babake ujumbe kwa dereva wa lori kwamba anarudi. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa mkupuo: ubao ulikuwa mbichi, nilijua ni mbichi, Alhamisi niliuona umepinda nikakuficha.

Aliendelea kukunja mashati yake. Nilitamani anitukane.

"Wiki mbili, Mumbua," akasema mwishowe. "Wallahi, wiki mbili nimejiona mpumbavu. Nimelala nikiwaza pengine baba alikuwa na haki, kichwa changu ni cha mbuzi tu."

Nikasema pole, na neno lenyewe likasikika dogo sana. Halafu akauliza, bado hajaniangalia, "Umepinda kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole. Akainuka, akaenda mbio hadi chumba cha kompyuta, nami nyuma yake. Akalaza rula, akainama, akauona ule mwanga. Akaketi sakafuni akaanza kucheka. "Kumbe ulikuwa unahama! Ulikuwa unahama kila siku!" Alicheka hadi machozi, na mimi nikalia na kucheka pamoja naye, lakini hakunisamehe siku hiyo. Ilichukua muda, na sikumharakisha.

Jumapili tukaenda Migwani. Baba akamkabidhi ubao kwa mikono miwili, akamwambia, "Nisamehe kijana wangu, ni mkono wa nyumba yangu ulioharibu kazi yako." Abdi akainamisha kichwa kwa heshima. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, kabla wakaguzi hawajafungua madaftari, nikasimama nikasema mwenyewe. Bwana Kasyoka alinitazama vibaya, usiniulize. Lakini mkaguzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akamgeukia Abdi. "Ngoja. Unamaanisha hizi siku zote ulikuwa ukiutuliza mpira juu ya ubao uliopinda?" Abdi akasema ndiyo, hadi mchana, kila siku. "Urudishe ule uliopinda," akasema yule mama. "Nataka kuona."

Tukaufunga ule wangu mbaya. Abdi akakaa, akabadilisha namba zake, sisi sote tumekodoa macho. Mpira ukakimbia, ukasita, ukarudi. Ukatulia. Yule mama akavua miwani akasema hajapata kuona programu ya mwanafunzi yenye nguvu hivyo. Kisha tukaufunga ubao wa baba, na mpira ukakaa katikati mara moja. Abdi akapata alama za juu kuliko sote. Babake akakaa na lori lake bila yeye. Mimi nilikatwa alama, nikapita kwa kuponea chupuchupu, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nikivuta pumzi, na sijawahi tena kufurahia alama mbovu kiasi hicho.

Nilidhani nimeficha kosa langu tu, mwanangu. Kumbe chini ya kosa langu nilikuwa nimefukia kazi bora ya mtu mwingine, na kama ningebadilisha ubao kimya kimya hakuna ambaye angeiona, hata yeye mwenyewe. Basi kabla hujalitaja jina la mwenzako mbele ya mwalimu, kapime kwanza sehemu yako, tena upande ule usioonekana. Ukikuta kosa ni lako, usilitengeneze kwa siri ukaita huo wema. Mwendee, umwambie usoni, leo. Utaona aibu, ndiyo, lakini ni aibu ya siku chache, na mwenzako atapata kujua yeye ni nani.

Nenda sasa, mwenzako anakungoja. Mungu aitulize mikono yako, auimarishe ulimi wako pale unapotaka kuteleza, na akujalie watu wa kufanya nao kazi wanaoweza kukuamini bila kujuta.