Jina Lililobaki Ubaoni

Kwa miaka ishirini na miwili Delbert Attakai alikuwa mhudumu katika hospitali ya bondeni, na kazi yake kubwa ilikuwa ile ambayo Wanavaho wenzake, wenyeji wa asili wa Marekani, hawakuitaka: kuondoa maiti. Mtu akikata roho, manesi walifunga mlango, wakasimama mbali, wakamwita yeye. Ndiye aliyefunika, ndiye aliyesukuma kitanda cha magurudumu hadi chumba cha baridi, ndiye aliyefuta jina kwenye ubao mdogo wa mlangoni. Hata kufuta walimwachia, maana jina la marehemu haliguswi wala halitajwi kabla siku nne hazijapita. Kantini alikula peke yake. Watu hawakumchukia. Walimpisha tu, kama mtu anavyompisha aliyebeba ndoo iliyojaa.

Kwa hiyo alishangaa Sista Verna, mkuu wa manesi, alipomwambia awatembeze wanafunzi wa sekondari waliokuja kuangalia kazi za hospitali.

"Kwa nini mimi?"

"Kila mwaka tunawaonyesha madaktari wa kuja na kuondoka. Safari hii wamwone mtu wa kwao aliyedumu."

Walikuja saba. Kila mmoja alijitambulisha kwa ukoo wa mama yake, kisha wa baba. Raelynn Tohannie, msichana mrefu wa kidato cha tatu, alitaja ukoo wa Delbert mwenyewe, na kuanzia hapo, kwa desturi yao, Delbert akawa mjomba wake.

"Mzee, ni kweli wewe ndiye wa maiti?" mvulana mmoja akauliza.

"Usimpe mkono," mwenzake akanong'ona. "Utaamka unapiga miluzi kama mizimu."

"Mikono naiosha," Delbert akasema, akiangalia sakafu. Wakacheka, naye akapumua kidogo.

Raelynn hakucheka. "Mimi nataka unesi, mjomba. Bibi bado anasita. Kasema nije nitazame wiki moja, lakini nikirudi na kitu kibaya kimenishika, habari ya unesi imekwisha."

Delbert akawafundisha alilolijua: kabla ya kumgusa mgonjwa, soma jina mlangoni, mwite kwa jina lake lote, ngoja aitike. Kisha akampa kila mmoja mlango wake akasalimie. Raelynn alipewa chumba cha nane. Mgonjwa wa humo alikuwa usingizini, kwa hiyo akasogea cha tisa.

Delbert alikuwa kwenye mizani na wavulana wawili Raelynn alipotokea na kikombe kitupu.

"Mjomba, maji ya kunywa yako wapi? Babu wa namba tisa ana kiu."

Delbert akaiacha mizani. Mzee wa namba tisa alikuwa amekufa, na Delbert mwenyewe ndiye aliyemteremsha chumba cha baridi saa moja asubuhi. Mara wageni wakafika, akasahau ubao. Na manesi wote walikuwa wamepita mbele ya lile jina tangu asubuhi, kila mmoja akimngoja Delbert alifute.

"Umemwona?"

"Pazia limefungwa. Nimemwita mara tatu, kimya. Mara ya nne akaitika, kwa Kinavaho. Kasema koo limemkauka."

Delbert akachukua kile kikombe, akaenda, akavuta pazia. Godoro lilikuwa tupu, bila shuka. Katikati yake palikuwa na bonde, kama mahali mtu alipoinuka sasa hivi, na alipokuwa akilitazama likajaa taratibu mpaka likawa sawa. Akatoka, akafuta jina kwa mkono wa shati.

Raelynn alikuwa nyuma yake. Aliona kitanda, akaona ubao, akauziba mdomo wake, ule uliokuwa umeita.

"Usimwambie bibi," akasema baadaye. "Tafadhali, mjomba. Atanitoa."

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyejua. Lakini mtoto aliyemwita marehemu kwa jina mara nne haachwi hivi hivi, ugonjwa wake huja polepole na hauna dawa pale hospitalini. Mchana ule akamrudisha nyumbani kwa pikapu yake.

Bibi Elsie aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni. Supu ya kondoo ilikuwa inachemka nyuma yake. Hakumruhusu mjukuu apite mpaka alipochota majivu jikoni na kumpaka kwenye paji la uso, mzimu usimfuate ndani.

"Nani aliliacha jina?"

"Mimi, mama."

"Na alipokuwa hai, aliomba maji?"

Delbert akaangalia viatu vyake. Alfajiri ile alikuwa akipita na ufagio akamsikia mzee anaomba maji kwa Kinavaho. Nesi wa zamu, mgeni wa kutoka mbali, alikuwa ameinama juu yake akitikisa kichwa kwa upole bila kuelewa neno. Delbert hakuingia. Alikuwa amezoea kuingia vyumbani watu wakiwa wameshanyamaza.

"Aliomba," akasema. "Nesi hakumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikapita."

Bibi akamgeukia mjukuu wake.

"Kwa hiyo aliyemsikiliza ni huyu mtoto tu."

"Ni yeye tu, mama."

"Nitamwita mwimbaji, mganga wa nyimbo, aje amwimbie. Akishasafishwa nitamleta mwenyewe huko kwenu, ajifunze huo unesi."

Nyuma yake Raelynn akaanza kulia bila sauti. Delbert akashukuru, akageukia pikapu.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kazini, mama."

"Utaimbiwa pamoja naye. Wewe ndiye uliyemsikia kwanza."

"Miaka yote hii sijapata kitu, mama."

 Bibi Elsie alikuwa anatazama juu ya bega la Delbert, kule kwenye gari, macho ameyafinya kama mtu anayejaribu kumtambua mgeni.

"Mmekuja wangapi?" akauliza.

Delbert hakugeuka. Aliinamisha kichwa chake mlangoni pale, akangoja majivu.