Kisulisuli Kilipotukuta Nje ya Shule

Watu husema upepo ndio uliomuua yaya, dada yangu mkubwa. Mimi sikubali, na sitakubali.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya ziwa, kati ya Nundu na Baraka, nyumba zote za udongo na nyasi. Jengo la matofali ya kuchoma lilikuwa moja tu: shule. Wazazi wetu waliyachoma matofali yale wenyewe, na sisi wasichana tukabeba mchanga kwa mabeseni. Vita ilipofika, wanajeshi waliingia humo, wakafanya madawati yetu kuwa kuni. Tungemwambia nani?

Siku moja ya soko, baada ya saa sita mchana, nilikuwa nauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, pamoja na yaya, mtoto wake mchanga akiwa mgongoni mwake. Ziwa likawa jeusi upande wa rasi ya Ubwari. Kisha tukaona kitu kama mkonga wa tembo kinaning'inia kutoka mawinguni, kinazunguka na kufyonza maji. Tulizoea kukiona mbali kule kwa wavuvi. Siku hiyo kilipanda nchi kavu, kikinguruma kama lori mlimani.

Soko zima lilikimbilia shule. Mlinzi alisimama mlangoni na bunduki.

"Mutufungulie! Tuko na batoto!" yaya alipiga kelele.

"Murudi nyuma. Hapa ni kambi, haiko masomo tena."

"Hii nyumba ni sisi tulijenga! We ulibeba hata tofali moja?"

Mtoto alikuwa analia. Yule mwanamume alimtazama, halafu akafyatua risasi hewani.

Tulirudi mbio tukabanana chini ya paa la bati la soko. Yaya alinipa mtoto. "Lala chini, mushike nguvu," akasema, akajilaza juu yetu wawili. Bati likang'oka, nguzo zikaanguka. Nikasikia mwili wake ukishtuka, kisha uzito tu.

Tulipoinuka, nyumba hazikuwepo. Mitumbwi ilikuwa imelala katikati ya mihogo. Majirani walifukua vifusi kwa mikono na kuwalaza wafu matopeni, huku mvua ikiwanyeshea. Shule ilisimama nzima. Wanajeshi walitoka, na badala ya kutusaidia wakaanza kuokota mabati ya soko letu.

Mama yangu, mjane asiyependa maneno mengi, alimwendea mkubwa wao.

"Utoke ku mulango. Batu betu benye kufa habatalala ku mvua."

"Mama, upepo ni kazi ya Mungu," akajibu.

"Mungu hakukatalia batoto kuingia. Ni ninyi."

Akamshika yaya mabegani, mimi, mtoto akiwa mgongoni, nikashika miguu, tukapita mbele ya bunduki hadi ndani ya shule. Wanawake wengine wakafuata na wafu wao. Hakuna aliyethubutu kutuzuia. Tulilia humo hadi maziko, juu ya sakafu iliyonuka pombe yao.

Wanajeshi walipohama waliondoka na mabati, na milango ya shule pia. Redio ilitaja mapigano tu; kijiji chetu hakikutajwa.

Mtoto yule nilimlea, naye ana watoto wake sasa. Pasta huniambia nisamehe. Nilimjibu anitafutie kwanza yule mlinzi, aje aniambie kwa kinywa chake kwamba alimsikia mtoto akilia.