Wifi Yangu na Krimu ya Majani ya Chai

Wifi yangu Lesieli hanunui krimu kama watu wengine. Anaihoji kwanza kama polisi. Utamkuta dukani mjini Neiafu, huku kwetu Tonga, miwani imeshuka puani, chupa kaigeuza mgongo, na watu nyuma yake wanaguna. Muuzaji akimwambia, "Mama, hii nzuri, inanukia," yeye humjibu, "Sikuja kununua harufu. Nionyeshe mmea uko wapi."

Mmea ndiyo dini yake ya pili baada ya Umethodisti. Siku moja alinikalisha jikoni kwangu, akakata shelisheli vipande viwili, kimoja akakipaka ndimu, kingine akakiacha hivyo hivyo. Tulipomaliza chai, kile kilichoachwa kilikuwa kimeshageuka rangi.

"Ngozi yako ndiyo hiyo, Fusi," akaniambia. "Jua na hewa vinaila. Kuna vitu ndani ya mimea vinavyoizuia isiliwe. Viko kwenye majani ya chai ya kijani, viko kwenye mbegu za zabibu, viko kwenye tunda la waridi mwitu. Lakini wenye viwanda wajanja! Wanadondosha tone moja, kisha wanachora jani kubwa kwenye kopo."

Ndiyo maana ana masharti. Jina la mmea likiwa mkiani, baada ya manukato, anairudisha kabatini. Chupa ya kioo cheupe anairudisha, maana mwanga unaua nguvu ya mmea. Kopo la mdomo mpana, la kuchovya vidole, ndiyo kabisa haligusi. Ikipita yote hayo, anajipaka kidogo kwenye kunjo la kiwiko na kungoja siku kadhaa aone kama itamwasha. Mimi mtu wa nazi na sabuni ya mche, nilikuwa nacheka mpaka natokwa machozi.

Ila kucheka kwangu kulikuwa na mpaka, kwa sababu najua masharti hayo yalianzia wapi. Ukoo wa mume wangu Semisi una ngozi kavu, yenye magamba, hasa miguuni. Lesieli akiwa msichana alisimamishwa kucheza peke yake mbele ya kijiji kizima. Kwetu Tonga mchezaji hupakwa mafuta ya nazi yaliyonukishwa maua, mabega, mikono na miguu, mpaka ang'ae, halafu ndugu wanakwenda kumbandika noti mwilini. Mafuta yaking'aa, wazee wanasema binti hajaguswa. Yakififia, wanasema hayo mengine.

Basi yalififia. Ngozi yenye magamba inakunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji, na kufikia wimbo wa pili miguu ya Lesieli ilikuwa mikavu kana kwamba haijapakwa kitu. Mama mmoja wa mstari wa mbele, Siutiti, akasema kwa sauti, "Mafuta yamemkataa." Kijana aliyekuwa akimchumbia hakurudi tena. Lesieli hajaolewa mpaka leo, na haki ya Mungu nawaambia, siku ile alikuwa hajashika hata mkono wa mwanamume.

Sasa binti yangu Kalo, ambaye ndiye wa pekee, kairithi miguu hiyo hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja kijiji chetu kilipomaliza kujenga ukumbi mpya wa kanisa, na mchungaji akasimama akatangaza kwamba siku ya ufunguzi atacheza Kalo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtazama wifi yangu, nikamwona kashika ukingo wa benchi.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Wifi, tukatae. Tuseme mtoto anaumwa."

"Ukikataa watasema kwa nini kakataa. Unawajua hawa."

Nawajua. Na hata ningetaka kubisha ningebisha na nani? Kwetu shangazi ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake, neno lake halina rufaa, na kumpaka mafuta mchezaji ni kazi yake. Mama mzazi anashika bakuli.

Tukaenda Neiafu. Siku hiyo sikucheka. Lesieli alipita duka baada ya duka mpaka akapata chupa moja nyeusi ya kubonyeza, imetoka Australia. Akaisoma mgongo wake wote. Majani ya chai ya kijani juu kabisa, mbegu za zabibu zinafuata, manukato hamna. Upande wa mbele hakuusoma. Huwa hausomi, anasema mbele ni matangazo tu. Akaijaribu kiwikoni kwake, kisha kiwikoni kwa Kalo, haikuwasha. Akaanza kumpaka.

Na lazima niseme kweli, ilifanya kazi. Magamba yalidondoka, nyufa zikafunga, miguu ya mwanangu ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Lakini badala ya kutulia, hofu ilizidi kutuingia. Lesieli alikuwa anakuja kwangu hata kabla hatujanywa chai, anamkalisha Kalo mlangoni kwenye mwanga, anampapasa miguu. "Hapa pamekauka, Fusi. Tazama hapa." Mimi sioni kitu, lakini nikishatazama sana naanza kuona. Na Kalo mwenyewe aliacha kula. Nikimwekea magimbi anayachokoachokoa. Nikadhani ni woga wa kusimama mbele za watu, nikamfokea, "Kula wewe, unataka uwachezee mifupa?" Akatabasamu kwa shida.

Siku ya ufunguzi ikafika. Ndugu wametoka Auckland na Sydney, nguruwe wamebanikwa, wanaume wameshaanza kunywa kava, kile kinywaji chao cha mizizi, wapiga gitaa wanajaribu nyuzi. Sisi watatu tulikuwa chumba cha shule ya Jumapili nyuma ya ukumbi, mlango tumeufunga. Kalo kavaa nguo ya magome ya mti na manyoya kichwani, kapendeza hata nikaogopa kumtazama. Asubuhi hiyo Lesieli alikuwa amempaka krimu mwili mzima mara tatu, nene, juu ya ile ya jana. Alisema ni ya kuongeza kinga. Sasa akachukua chupa ya mafuta, akamwaga kiganjani, akaanza kupaka begani.

Mafuta hayakukaa. Yalijikusanya yakawa makombo, makombo meupe kama ya kifutio cha shule, yakaanza kudondoka sakafuni. Chini yake ngozi ilikuwa imefifia, haina hata dalili ya kung'aa. Lesieli akaongeza mafuta. Makombo yakazidi.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, Fusi."

"Imekuwaje?"

"Sijui. Sijui! Niletee ile chupa."

Nikaitoa mkobani, na kwa mara ya kwanza nikaitazama usoni. Iliandikwa kwa herufi kubwa ambazo hata mimi bila miwani nilizisoma: huzuia ngozi kung'aa siku nzima. Ala! Kumbe huko kwa wenzetu wanawake wanatoa pesa ili wasing'ae! Nilimsomea wifi yangu. Alikaa chini kwenye kiti kidogo cha watoto wa Jumapili.

"Nimemuua," akasema. "Nimemuua mtoto kwa mkono wangu."

Ukumbini mshereheshaji akalitaja jina la Kalo, watu wakashangilia. Nikawa namwona yule Siutiti kakaa mstari wa mbele, maana bado yupo, kazeeka lakini ulimi haujazeeka, na nikawa nasikia kabisa atakavyosema. Nikashika kitambaa nikaanza kumfuta Kalo kwa nguvu, ngozi inakuwa nyekundu, krimu haitoki.

Ndipo Kalo akanishika mkono. "Mama, acha. Shangazi, acheni."

"Nyamaza, simama vizuri," nikamwambia.

"Si krimu." Alikuwa anatetemeka mpaka manyoya ya kichwani yanacheza. "Shangazi, nina mtu. Tangu mwaka jana. Mafuta yanajua."

Kitambaa kilinidondoka. Nisiwafiche, kwanza nilitaka kumzaba kibao. Mkono ulikuwa umeshapanda. Halafu nikaogopa, hofu ambayo sijawahi kuionja, kwa sababu baba yake yuko ule upande mwingine wa ukuta, na wajomba, na kanisa zima, na mtoto huyu yuko nusu uchi kwenye makombo meupe anatungoja tumhukumu.

"Shusha mkono, Fusi," Lesieli akasema.

"Umemsikia alichosema?"

"Nimemsikia. Shusha mkono." Nikaushusha. Akasimama kutoka kwenye kile kiti, akamshika Kalo mashavuni. "Ni mtu mwema?"

"Ndiyo, shangazi. Wa kisiwa cha Pangaimotu. Anataka kuja kuomba, mimi ndiye naogopa."

"Haya. Sasa nisikilize. Mimi sikuwa na mtu, na yalififia. Mafuta hayajui kitu. Mafuta ni mafuta. Usilie, utaharibu macho. Fusi, kimbia jikoni, niletee machicha ya nazi na maji ya moto. Kimbia!"

Nilikimbia kama mwizi. Akina mama wa jikoni walikuwa wamemaliza kukamua tui, machicha yamejaa beseni, nikayabeba nusu. "Ya nini hayo, Fusi?" "Ya kuku!" Sijui hata nilikuwa nasema nini. Niliporudi mshereheshaji alikuwa ameshaita mara ya pili, na watu wameanza kucheka kidogo, kile kicheko cha kusema mbona bibie anachelewa.

Tukamsugua. Lesieli mikono na mabega, mimi miguu, nimepiga magoti sakafuni, machicha yananiingia kwenye kucha. Bibi zetu walikuwa wanajisugua hivyo kabla hakujawa na duka lolote. Ile krimu ikaanza kutoka, ikajiviringa na machicha, tukamwagia maji, tukamfuta. Na chini yake ikatokea ngozi ambayo chai ya kijani imeifanyia kazi wiki zote hizo, haina gamba hata moja.

Lesieli akachukua mafuta upya. Akayamimina kwa haraka hata nusu yakamwagika. Akaanza begani, polepole, na mimi sikuthubutu kutazama. Nikaangalia dirisha. Nilisali sala fupi ambayo haikuwa na heshima hata kidogo.

"Fusi," akaniita. "Tazama."

Nikatazama. Bega la mwanangu lilikuwa linang'aa kama kioo cha taa.

Alicheza. Mwanzoni vidole vilikuwa vinamtetemeka, na watu wakasema ni haya ya msichana aliyelelewa vizuri. Mimi nilikaa karibu na mlango, macho hayatoki miguuni mwake. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wimbo wa pili ukaanza, nikashika mkono wa Lesieli, naye akaufinya mpaka ukaniuma. Miguu ilikuwa bado inang'aa. Ikang'aa zaidi, jasho likachanganyika na mafuta, noti zinagandia mabegani. Siutiti akainuka na fimbo yake, ukumbi ukampisha. Alimbandika Kalo noti mkononi, kisha akampitisha kiganja kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, taratibu, kama anayekagua kitambaa dukani.

Akageukia watu, akapaza ile sauti yake. "Yamemkubali! Huyu ni mtoto mzima, hajaguswa!"

"Mālie! Mālie!" ukumbi ukaitikia kwa kumsifu, na mume wangu Semisi, ambaye halii hata msibani, akajifuta macho kwa tai. Mimi nilijiziba mdomo. Sijui nilikuwa nazuia kicheko au kilio.

Kalo sasa kaolewa na huyo wa Pangaimotu, ana watoto wawili, na yeye ndiye aliyeniambia, mama, hadithie, usifiche. Ndiyo maana nasema.

Siku ile ngoma ilipoisha tulirudi kwenye kile chumba, mlango tukaufunga tena. Lesieli alikuwa anamfuta mafuta miguuni kwa taulo, na mimi nang'oa noti mgongoni, kila mtu kachoka. Kalo alikuwa anamtazama shangazi yake aliyeinama miguuni pake.

"Shangazi."

"Naam."

"Kwa hiyo wewe siku ile walikuonea."

Taulo likasimama. "Umesemaje?"

"Walikuonea, shangazi. Hukufanya kitu. Walikuonea tu."

Lesieli akakaa sakafuni, palepale kwenye maji na machicha, akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto aliyeanguka na kungoja mtu amwone. Kalo alishuka kutoka kwenye kiti akamkumbatia, mafuta yote yakahamia kwenye gauni la kanisani la shangazi yake. Wifi yangu alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia neno hilo.