Kichaka Kisichochunwa

Kwa miaka mingi Mellen alimwita mumewe Baba Kepher, kwa jina la kijana wao ambaye sasa ni mlinzi wa duka huko Dubai. Asubuhi ile ya Mei, akiwa amelala ubavu kwenye kitanda walichokisogeza karibu na dirisha, alimwita Baba Bochaberi. Mumewe, Nyaberi, alikuwa mlangoni akikwangua matope kwenye gambuti. Akatulia na kijiti mkononi.

"Nakuita wewe," Mellen alisema.

"Nimesikia."

"Niletee mtoto wangu."

Bochaberi alikuwa kifungua mimba wao. Aliishi miezi saba, kwenye nyumba ya chumba kimoja ya kampuni ya chai, kule milimani juu ya Kimulot. Alikufa kwa homa ya mapafu mwezi wa Julai, mwaka 2003. Wiki hiyo mvua ilikuwa imebeba daraja, na hapakuwa na gari ambalo lingefika kwao Kisii. Wakamzika palepale, ukingoni mwa shamba lililoitwa Namba Tisa, chini ya mikaratusi. Mellen hakulisahau hilo hata siku moja, ila hakulitaja. Sasa madaktari wa Bomet walikuwa wamemwambia Nyaberi ampeleke mama nyumbani, ampikie anachopenda. Mellen alielewa vizuri maana yake. Alikwisha kuchagua mahali pake pa kuzikwa, nyuma ya migomba, kwenye nusu ekari waliyoinunua nje ya Sigor walipoacha kazi ya chai.

"Sitalala hapa na yeye amelala kule peke yake kwa watu wa kampuni," alisema. "Mjomba wangu alifia Mombasa, wakamchotea udongo wa kaburini, akaletwa nyumbani. Na wewe mchote. Kiganja kimoja kinanitosha. Nikishike kwanza."

Akavua kitambaa chake cha kichwa, cha buluu kilichopauka, akamnyooshea.

"Utamjua?" aliuliza.

"Nitamjua," Nyaberi alisema. "Si tuliacha kichaka?"

Hicho kichaka kilikuwa siri yao. Kampuni haikuruhusu misalaba ndani ya shamba. Iliyosimikwa ilikuwa inang'olewa. Lakini chai inayochunwa kila baada ya wiki mbili hukaa chini, imesawazika kama meza, inakufika kiunoni. Ukiuacha mche mmoja bila kuuchuna, unapanda juu na kuwa mti. Kwa hiyo waliuacha mmoja. Kila zamu ilipowafikisha pale, Mellen aliipitisha mikono yake kushoto na kulia ya mche ule, asiuguse. Nyapara wao, Mzee Mageto, Mkisii mwenzao, aliuona na kugeuza uso. Walipokuja watu wa kupogoa, Nyaberi aliomba mstari ule apewe yeye. Mwaka 2006 walihamishiwa upande mwingine wa shamba, na kichaka kikabaki kimepita kimo cha mtu, peke yake juu ya meza yote ya kijani, kinaonekana ukiwa barabarani.

Nyaberi aliondoka Sigor kabla ya saa moja. Pikipiki yake ni ile anayobebea ndizi kutoka Kisii, imezeeka, tandiko limeshonwa kwa uzi wa gunia, gia ya nne haikubali. Bima yake ilikuwa imeisha, kwa hiyo hakuthubutu kupita lami kwenye polisi. Akaamua kupita juu, vijia vya milimani, Silibwet hadi Kimulot. Alikuwa na viazi vitamu vitatu kwenye mfuko wa koti, chupa ya chai na karatasi ya nailoni ya kujifunika. Kitambaa cha Mellen alikikunja akakiweka ndani ya shati.

Mvua ilimkuta akipita Silibwet. Barabara ya udongo mwekundu iligeuka utelezi, ikawa kila kilima anakipanda na gia ya kwanza huku miguu miwili iko chini, anajisukuma kama mtu anayeogelea. Aliteremka mabonde ambayo hakuyajua majina yake. Mara mbili alianguka. Mara ya pili kikanyagio cha breki kilipinda, akakinyoosha kwa jiwe, akakaa kidogo kando ya barabara, ukungu ukipita kati yake na mashamba ya wakulima wadogo. Wanawake waliokuwa wakichuna kwenye mvua ile walimtazama. Aliijua mikono ile. Usiku mwingine, usingizini, vidole vya Mellen bado vilikuwa vinachuna.

Karibu na Kimulot mafuta yalikuwa yanaisha. Kulikuwa na kibanda cha mabati ambako msichana mmoja aliuza petroli kwenye chupa za soda. Jina lake, Chepkorir, lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi ya kucha.

"Mzee, hii pikipiki yako inakohoa kushinda babu yangu," alisema akimimina. "Na babu yangu amevuta sigara tangu mkoloni."

"Itafika tu."

"Itafika wapi? Huko juu hakuna kitu siku hizi. Mashine imefukuza watu wote."

"Naenda kuona mtoto wangu."

"Anafanya kazi ya kampuni?"

Nyaberi alifunga kifuniko cha tangi. "Yuko huko tu."

"Basi mwambie avae sweta," Chepkorir alisema. "Huko juu baridi ni mbaya sana."

Alimshukuru kwa Kikipsigis, "Kongoi," na akapiga kiki mara nne kabla injini haijashika. Kilomita nzima hakuona barabara vizuri, na haikuwa mvua peke yake.

Alifika Namba Tisa saa nane mchana. Nyumba za wafanyakazi hazikuwa na paa. Alizima pikipiki, akatazama juu ya mteremko akitafuta mti mmoja juu ya meza ya kijani.

Hapakuwa na meza. Mteremko mzima ulikuwa msitu. Kampuni ilipoleta mashine za kuchuna, mashine hazikuweza kupanda Namba Tisa kwa jinsi ilivyo kali, na watu wa kuchuna kwa mkono walikuwa wamekwisha kuachishwa. Shamba likaachwa. Miche yote ilikuwa imepanda juu, maelfu kwa maelfu, imeshikana matawi, imetoa maua yake meupe madogo. Mikaratusi ilikuwa imekatwa. Njia ilikuwa imemezwa. Nyaberi aliiweka alama ile akiamini jambo moja, kwamba chai itachunwa milele.

Aliingia ndani ameinama, matawi yakimwagia maji shingoni. Baada ya muda akili ilimrudia. Mche ulioachwa zamani lazima uwe mnene kuliko hii ya juzi. Akaacha kutazama juu, akawa anatazama mashina. Alitafuta karibu saa nzima, akishika moja na kuacha, mpaka mkono wake ukakutana na shina nene kama paja. Akapiga magoti palepale kwenye majani yaliyooza.

"Bochaberi," alisema. "Mama yako amenituma."

Alikitoa kitambaa, akakitandaza. Aliponyoosha mkono kuchota aliona, hatua tano mbele, shina jingine la unene uleule. Na upande wa chini, jingine. Akasimama. Yalikuwa saba.

"Wewe, toka na hiyo panga," sauti ilisema nyuma yake.

"Sina panga, boiyot. Chamgei."

Mzee aliyevaa koti la kijeshi alisogea, rungu begani. Aliposikia akiitwa mzee na kusalimiwa kwa Kikipsigis, uso ulilegea kidogo. Alijitambulisha kuwa Kipkurui, mlinzi aliyewekwa kuzuia wakata kuni, na Nyaberi akamweleza kilichomleta, tangu daraja mpaka kitanda cha dirishani. Mzee alisikiliza akikuna kidevu.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema mwishowe.

"Mimi nini?"

"Yule Mkisii wa kichaka. Mageto alikuwa akiambia watu. Mtu akifiwa na mtoto, akija kulia kwake, Mageto anamwambia, nenda pale kwa kichaka cha yule Mkisii, zika karibu, halafu na wewe chagua chako usichune. Mimi nilifikiri ni hadithi yake tu. Alikuwa mtu wa hadithi mingi."

"Mageto yuko wapi?"

"Alikufa mwaka juzi."

Nyaberi alitazama mashina yale. Hakujua kama aliwahi kuanzisha jambo lolote duniani, na hili sasa lilikuwa limemfichia mtoto wake.

"Changu ni kipi?"

Kipkurui alimshika mkono, akamtembeza. Mti wa kwanza ulikuwa wa mtoto wa Janefer, mama ambaye huja kila Desemba kutoka Kapsoit na hukaa hapo mpaka jioni. Ule wa chini ni wa mapacha wa Kiptanui, wako pamoja. Wazazi wa watoto wa mti wa tatu na wa nne nao aliwajua, kwa kuwa walikuwa wamewahi kuja wakaongea naye.

"Hii mitatu sijui," alisema. "Niliikuta hapa, nami sijaona mtu akija. Moja ni yako. Lakini mzee, utachukuaje? Ukikosea, unabeba mtoto wa mwingine. Mwenyewe akija ataongea na mti ambao hauna mtu."

"Nachukua kiganja tu. Mtoto anabaki."

"Sasa kama anabaki, wewe unachukua nini?"

Nyaberi alipiga magoti kwenye majani. Mvua ilikuwa imeanza tena. Alifikiria Sigor, dirisha, mkono uliomnyooshea kitambaa. Alichota chini ya mti wa kwanza kati ya ile mitatu, akafunga fundo kwenye pembe moja ya kitambaa. Akachota wa pili, akafunga pembe ya pili. Wa tatu vilevile. Pembe ya nne aliiacha tupu. Kisha alimwomba Kipkurui simu yake akaandika humo namba yake mwenyewe.

"Mtu akija kuuliza hii mitatu," alisema, "mwambie udongo wake mwingine uko Sigor, kwa Nyaberi wa ndizi. Aje wakati wowote."

Usiku ule alilala jikoni kwa Kipkurui baada ya maziwa ya mursik na ugali baridi, na asubuhi akarudi kwa njia ileile.

Njiani kote alijiandalia la kusema. Angefungua mafundo mawili nje ya nyumba, aingie na moja, aseme nimempata. Mellen angefurahi, na nani angejua? Aliporudisha pikipiki chini ya mgomba, alikishika kitambaa kwa muda mrefu. Akaingia na mafundo yote matatu.

Mellen alikipapasa kabla hajakitazama.

"Mbona ni matatu?"

Akamweleza. Hakupunguza kitu; msitu, Mageto, Janefer wa kila Desemba, swali la mzee. Mellen alipima kila fundo kwenye kiganja, moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akipima majani kabla ya kuyatupa kikapuni. Hakuchagua.

"Namba uliacha?"

"Niliacha."

"Sawa." Akakiweka kitambaa kifuani. "Usiyafungue. Hao wengine, mama zao hawajui wako wapi. Wakae na mimi mpaka watafutwe."

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Alizikwa nyuma ya migomba na kitambaa mikononi, kimefungwa vilevile. Kepher hakupata ruhusa ya kuja. Aliangalia mazishi kutoka Dubai kupitia simu aliyoishika jirani, picha ikikatika kila mara.

Nyaberi bado anabeba ndizi kutoka Kisii. Siku hizi simu ikilia barabarani akaona namba asiyoijua, hapokei akiwa anaenda. Hupunguza mwendo, husogea kando, huzima injini, hushuka na kuvua kofia. Ndipo hupokea. Mpaka sasa waliopiga wamekuwa wateja wa ndizi tu.