Wine tasting yangu ya kwanza, Himbi: mtaalamu alitema divai, baba akagoma kunywa, posa yangu ikaning'inia

Habari za humu wakuu, wakubwa wote shikamooni.

Nimesoma mnavyobishana humu divai ipi inaendana na nyama choma, nikacheka peke yangu. Leo nami nitoe yangu. Ni ya kweli tupu, mwenye kubisha aje Goma aonane na baba yangu.

Kwanza mjue hali yetu.

Mimi ni binti wa Kibumba, kaskazini mwa mji, barabara ya Rutshuru. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda. Volkano ilipotapika, lava ilitupita kando, tukamshukuru Mungu. Kumbe tulishukuru mapema. Baadaye waasi wakaja, tukaacha viazi shambani na kukimbilia mjini.

Mchumba wangu Pascal ni wa familia ya Kikatoliki, upande wa Bukavu. Baba yake, Papa Deo, alikuwa karani wa forodha Bunagana mpaka waasi walipouteka mji. Naye sasa yuko nyumbani tu hapa Goma, hana kazi.

Tatizo lilikuwa hili. Waasi wengi nao wanaongea Kinyarwanda, basi tangu vita vianze, ukikiongea sokoni kuna watu wanakugeukia kana kwamba wewe ndiye uliyebeba bunduki. Baba alishatukanwa, yeye ambaye waasi hao hao wamekula viazi vyake. Nilipomweleza kuhusu Pascal, alijibu kwa ufupi:

"Mutoto wangu, sitakutuma kwa batu benye kutuogopa."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma. Mwenye hasira unamngoja apoe.

Pascal ni mhudumu kwenye hoteli moja pale Himbi, kando ya ziwa. Hoteli ikaandaa wine tasting, kila divai na chakula chake, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuleta wageni. Tukapanga wazee wetu wakae meza moja, wale, wanywe, waongee. Baba akakubali kwa sharti: ni chakula tu, si posa.

Jumapili mchana baba akavaa koti lake la kanisani. Papa Deo akaja na tai. Wakasalimiana kwa Kifaransa, nikajua tumekwisha. Wazee wa Kivu wakishikilia Kifaransa mezani, ujue hakuna anayetaka kumsogelea mwenzake.

Aliyeongoza shughuli alikuwa Mama Solange, mtaalamu wa divai kutoka Kinshasa. Mchangamfu kweli. Akatueleza kuwa divai nyeupe inakwenda na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakikaangwa wakauke. Akatumiminia wote. Akazungusha glasi yake, akanusa, akaonja.

Halafu akatema kwenye ndoo.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa wasiojua: kwetu anayemkaribisha mgeni kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yake, na anameza. Ndiyo namna ya kusema hakuna sumu humu. Na huku sumu si stori za kufurahishana kwenye simu, karibu kila ukoo una msiba unaosimuliwa kwa sauti ya chini. Sasa mwenyeji anamimina, anaonja, anatema mbele ya wageni!

Baba akaisukuma glasi yake taratibu mpaka katikati ya meza.

"Kama iko muzuri, juu ya nini anaitema? Kwetu mwenye kumimina njo anakunywaka wa kwanza. Miye sikunywe."

Mama Solange akaeleza kwa upole kwamba wataalamu hutema ili wasilewe. Maelezo mazuri, ila baba hayakumwingia. Meza za jirani zikageuka. Pascal kasimama na chupa, jasho linamtoka. Nikamwona baba anatafuta kofia yake. Nilijua akitoka pale, hatakaa tena meza moja na watu wale, na ndoa yangu ndiyo basi.

Hapo Papa Deo akafungua mdomo, na safari hii kwa Kiswahili.

"Muzee iko na haki. Hata kwetu, mutu hawezi kukupa kasiksi kama yeye hajakunywa."

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi.

Akanyoosha mkono akachukua glasi. Si yake, ya baba. Akapiga funda zito, akameza wote tukiona, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kunywa, papa. Kama ni kufa, tukufe bote."

Baba akamtazama. Halafu akacheka, yeye ambaye sikumbuki kumsikia akicheka tangu tuache Kibumba. Akanywa, akakunja uso.

"Hii iko mubichi, bado kuiva."

Meza nzima hoi.

Nirudi kwenye divai kidogo, maana mtaniuliza. Ile nyeupe na sambaza ni moto, inakata mafuta kama limau. Nyekundu yenyewe ilinikausha ulimi kama chai iliyolala, lakini ukiweka jibini ya Masisi mdomoni inalainika, unataka tena. Kwa hiyo wanaosema ni maringo tu, jaribuni kwanza.

Ila kuanzia pale wazee waligoma kugusa glasi kabla Mama Solange hajameza. Mama wa watu kufika divai ya mwisho alikuwa anaimba. Nao wazee walikuwa wanaongea, mmoja mashamba yake, mwingine mparachichi aliouacha Bunagana.

Tukiwa njiani kurudi, baba akasema bila kunitazama:

"Ambia yule kijana, baba yake akuye nyumbani."

Nililia pale pale barabarani, sikujali wapita njia.

Wamekuja, wakuu. Kwenye chumba chetu cha kupanga, na kidumu cha kasiksi. Barabara ya Kibumba bado imefungwa na sijui tutarudi lini, lakini siku ile wazee wawili waligombea kikombe kimoja, kila mmoja anataka kunywa kwanza kwa ajili ya mwenzake, mpaka nusu ikamwagika kwenye koti la kanisani.

Nilichojifunza: tulikuwa tunaogopana bure, kumbe tumelelewa na desturi ile ile. Ilibidi atokee mtu wa kutema ndipo tuione.

Haya, nawasikiliza, na wa kunicheka acheke. Kwenu nani hunywa kwanza?