Mwosha Nyota wa Plateau

Saa kumi na nusu alfajiri, umande ukiwa bado mzito kwenye nyasi za Plateau, nyanda za juu za Eldoret, Elphas Wanyonyi anaegemeza bega kwenye paa la mabati na kulisukuma. Paa linalia juu ya reli zake, linateleza polepole, na kibanda cha mawe kinabaki wazi kama chungu kilichofunuliwa.

Kabla ya kufanya lolote lingine anatazama juu. Siku nne mfululizo amelisukuma paa hili na kukuta mawingu. Leo utosini ni peupe na nyota zimejaa, ila upande wa mashariki kuna wingu zito linalokuja bila haraka.

"Tuna nusu saa," anasema kwa sauti ya chini. "Ikizidi hapo, ni Mungu tu ametuonea huruma."

Leo ni Alhamisi, katikati ya Oktoba mwaka huu wa 1951. Kesho mafundi wawili watafika kutoka Eldoret na mbao na misumari. Jumamosi darubini iliyomo ndani ya kibanda hiki, ndefu kuliko mtu mzima, itapakiwa kwenye gari la moshi na kwenda zake Mombasa, kisha ng'ambo. Haitarudi.

Elphas ana miaka arobaini na saba. Kumi na minne kati ya hiyo ameitumikia darubini hiyo, na kuna kitu kimoja ambacho hajawahi kukiona kwa macho yake. Kama hatakiona leo, basi tena.

Mwenye darubini ameketi kwenye kiti cha kamba, blanketi mabegani. Ni Bwana Harwin, mlowezi wa miaka sabini na moja, mlimaji wa ngano asiyekuwa na mkono wa ngano. Majirani zake walinunua matrekta, yeye akanunua vioo. Watu wa shambani humwita Bwana Nyota, na wakimwita hivyo hawamsengenyi. Wanasema ukweli mtupu.

Kazi ya Bwana Nyota, wakati ngano yake ikiliwa na ugonjwa wa kutu, ilikuwa kunasa nuru ya mawingu. Si haya ya mvua. Ni mawingu ya gesi yanayowaka mbali sana kati ya nyota, na alilolipenda kuliko yote liko katika kundi ambalo watu wa pwani hulijua kwa jina la Jabari. Ukizitazama zile nyota tatu zilizojipanga mstari, kando yake kuna nyingine ndogo zinazoning'inia. Mojawapo ina ukungu, utadhani jicho lako limeingia moshi. Hilo ndilo wingu lenyewe.

Elphas hakuja Plateau kutafuta nyota. Alitoka Kimilili mwaka 1937 kutafuta kazi ya kukata ngano. Bwana alimwona akibeba karai la mayai kutoka jikoni bila kuvunja hata moja, akamwambia aache ngano. Tangu siku hiyo mikono yake imebeba vioo.

"Vioo vya picha, hivi vyembamba," anaeleza, akipima ukubwa kwa vidole. "Bwana anaweka kimoja nyuma ya darubini, nuru inakipiga kwa saa tatu, hata nne. Mimi nakichukua, nakipeleka chumba cha giza, nakitia dawa, nakiosha kwa maji ya mto yaliyochujwa na kitambaa. Ukikiosha vibaya, usiku mzima umepotea."

Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi ishirini na nane kwa mwezi na posho ya unga. Kipyego, anayeongoza ng'ombe wa gari hapo shambani, amempa jina la Mwosha Nyota, na hata watoto wa kambini wamelishika.

Kinachotokea kwenye kioo si picha ya wingu. Kati ya darubini na kioo kuna ufa mwembamba, na nyuma ya ufa kuna kioo kingine cha pembe tatu kinachoipasua nuru. Mwandishi wa makala haya alipokiri kwamba haelewi, Elphas alimhurumia waziwazi. Alimwaga unga kidogo juu ya meza na kuchora kwa kidole.

"Nuru ya jua ukiipasua inatoka rangi zote, zimeshikana, kama upinde wa mvua. Nyota karibu zote ni hivyo. Lakini gesi inayowaka haitoi zote. Inatoa mistari tu. Hapa mmoja, hapa mmoja, katikati giza." Alifuta, akachora tena. "Na kila gesi iko na mistari yake. Ni kama alama kwa ng'ombe. Ukiona alama, unajua huyu ni wa nani, hata kama mwenyewe hujamwona."

Wingu la Jabari lina mistari mitatu mikubwa. Mmoja ni wa buluu, na mingine miwili imekaa karibu karibu, na hiyo miwili ndiyo iliyomnyima Elphas amani miaka yote hii. Bwana alimwambia ni ya kijani.

Tena akamwambia mengine. Kwamba wataalamu wa ng'ambo walisumbuka nayo zaidi ya nusu karne, wakadhani ni gesi ngeni isiyopatikana duniani. Mwisho wakagundua ni oksijeni, ile ile iliyo katika hewa tunayoivuta, ila huko juu imetawanyika mno hata inawaka kwa rangi ambayo hapa chini haipati nafasi ya kuionyesha.

"Hewa hii hii," anasema Elphas, akivuta pumzi kana kwamba anaionja. "Nilikuwa nalala nikifikiria hiyo. Nilitaka kuona, basi. Sikutaka kitu kingine."

Kwenye kioo cha picha rangi haionekani. Mistari yote hutoka myeusi. Elphas ameosha vioo mia moja na arobaini, anaijua mistari hiyo kama anavyoijua mikunjo ya kiganja chake, na kijani hajakiona hata mara moja.

Msomaji atauliza kilichomzuia kuchungulia. Jibu ni rahisi na linauma. Mahali pa jicho pamekaliwa na kioo. Ukikiondoa ili uchungulie, umeiharibu kazi ya usiku wote, na lenzi ya kutazamia yenyewe Bwana huifungia nyumbani kwake kwenye sanduku.

Hata hivyo aliahidiwa. Kioo cha mia moja kikikamilika, Bwana alisema, Elphas angetazama kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Walifika tisini na saba.

Hapo ndipo chumvi inapoingia.

Kabla ya kunasa nuru ya wingu, Bwana alikuwa akichoma chumvi kidogo kwenye moto wa spiriti mbele ya ufa. Chumvi huwaka njano, na mstari wake wa njano hubaki kwenye kioo kama jiwe la mpaka wa shamba, ili mistari mingine ipimwe kuanzia hapo. Kuitayarisha chumvi hiyo ilikuwa kazi ya Elphas.

Mwaka 1947 mvua iliharibu barabara ya mjini na chumvi ya dukani ikaisha. Elphas hakuona tatizo. Alikwenda kwa mkewe, Nangila, akachota munyu.

Nangila huutengeneza kama alivyofundishwa na mama yake. Huchoma maganda ya maharagwe, huweka majivu kwenye chungu kilichotobolewa, huyamwagia maji, na yale yanayodondoka huyachemsha mpaka yabaki magumu. Mboga ngumu ikipikwa na munyu hulainika, na hakuna nyumba ya Mbukusu kule Kimilili isiyoujua.

"Mimi nilisema chumvi ni chumvi," anasema Elphas. "Hii inatiwa kwa mboga, ile nyingine inatiwa kwa mboga. Nani angefikiria?"

Munyu uliwaka. Alama ya njano ilitokea kama kawaida, ila kwenye ukingo mwingine wa kioo, upande wa zambarau, ulitokea mstari mwembamba ambao haujawahi kuonekana hapo. Ulirudi kwenye kioo kilichofuata, na cha tatu pia. Bwana Harwin aliamini ameona katika wingu kitu ambacho binadamu hajapata kukiona. Alimkumbatia Elphas palepale kwenye chumba cha giza, na dawa ikawamwagikia wote wawili.

Aliandika barua ng'ambo. Majibu yalikuja baada ya miezi mitano, mafupi na yenye adabu kali. Mstari huo ni wa madini ya potasi, yaliyojaa kwenye majivu ya mimea. Tafadhali chunguza taa yako ya spiriti.

"Aliniuliza mara moja tu, 'Ulichoma nini?' Nikamwambia. Hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenitukana," anasema Elphas. "Alisema, 'Wewe osha vioo. Mambo ya kuangalia, kwisha.'"

Kioo cha mia moja kilipokamilika, kilioshwa na kukaushwa kama vingine. Lenzi ilibaki sandukuni. Elphas alirudi nyumbani akala ugali wake, na Nangila alipomuuliza kama ameona, akajibu kwamba kulikuwa na mawingu.

Ulikuwa uongo, na alimwambia ukweli baada ya miaka miwili. Nangila akasema, "Kumbe ni munyu wangu."

Alfajiri hii wingu la mashariki limekwishafika nusu ya mbingu. Bwana Harwin anaitoa lenzi mfukoni mwake mwenyewe na kuifunga mahali pa kioo. Anataka kuaga. Anainama, anaweka jicho, anakaa hivyo kwa muda mrefu. Anabadilisha jicho. Anajifuta macho kwa kona ya blanketi na kujaribu tena.

Wote shambani wanajua kuhusu macho yake. Mtoto wa jicho ameyafunika yote mawili, na hiyo ndiyo sababu anakwenda kwa binti yake ng'ambo. Anainuka polepole, uso ameugeuzia ukuta.

"Elphas," anaita. "Kuja."

Elphas hasogei. Anauliza kama alete taa.

"Hapana taa. Kuja angalia. Macho yangu kwisha. Angalia, halafu sema mimi."

Anafuta mikono kwenye suruali, ingawa haitashika chochote. Anainama. Hakuna kelele kibandani isipokuwa tiktiki ya saa inayoizungusha darubini, saa ambayo yeye mwenyewe ameitia ufunguo kwa miaka kumi na minne.

"Nini iko?" anauliza mzee.

Elphas anasogeza jicho karibu zaidi.

"Elphas. Nini iko?"

"Iko, Bwana," anasema hatimaye. "Mistari iko. Buluu moja. Halafu ile miwili."

"Rangi gani?"

"Kijani. Lakini si ya majani, Bwana. Ni ya chupa. Chupa ya zamani ukiishika kwa jua."

Mzee anafumba macho na kutikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayesikia habari za nyumbani. Kisha anauliza, na kwa mara ya kwanza tangu 1947 kuna mzaha katika sauti yake: "Ile yako? Ya zambarau? Iko?"

"Haiko, Bwana," Elphas anajibu bila kuondoa jicho. "Ile ilikuwa ya jikoni."

Wanacheka wote wawili, wazee wawili gizani, na kicheko hicho kinachelewa kwisha. Kilipokwisha, wingu la mvua lilikuwa limeziba kila kitu. Elphas alikuwa ametazama kwa dakika saba, labda nane. Alilirudisha paa mahali pake.

Jua lilipochomoza alikuwa ameketi nje ya nyumba yake kambini, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Hakuonekana kama mtu aliyepata alichokitafuta, na mwandishi akamwambia hivyo.

"Nilidhani nikiona, hamu itaisha," alisema. "Sasa ndiyo imekuwa mbaya. Zamani nilikuwa nataka kitu nisichokijua. Leo nakijua."

Ndani ya nyumba, kwenye kidirisha, kioo cha tisini na saba kimeegemezwa ukutani. Bwana alimpa asubuhi hiyo hiyo. Ukikielekeza kwenye mwanga unaiona mistari mitatu ya wingu na alama ya chumvi, na ukingoni kabisa, mwembamba kama unywele, mstari wa munyu wa Nangila.

Nangila mwenyewe alikuwa akidondosha maji kwenye majivu. Elphas alimwambia mwandishi mpango wake huku akimtazama mkewe. Januari mvua ikishakwisha, Jabari atapanda jioni, watu wakiwa bado macho. Atatoa kiti nje, amkalishe Nangila, amwonyeshe nyota tatu na zile zinazoning'inia, na ule ukungu mdogo.

"Kijani hataiona," alisema. "Kwa macho matupu haionekani. Mimi nitakaa hapo karibu nimwambie ikoje."

"Na nikishindwa kuamini?" aliuliza Nangila kutoka kwenye chungu, bila kugeuka.

Elphas aliitazama chai yake.

"Mimi niliambiwa miaka kumi na minne, mama," alisema. "Nikaamini."

Nangila aliweka chini kata ya maji. Akauliza kiti kitawekwa upande gani.