Vyungu Vibichi Njiani

Juzi sokoni Kamembe mama mmoja aliniuliza wapi atapata chungu cha udongo cha kupikia maharagwe. Nilicheka, rafiki yangu, kisha kicheko kikanikauka.

Sisi ni Batwa, wafinyanzi wa bonde la Bugarama. Bibi alinilea kando ya kinamasi, karibu na chemchemi za maji ya moto. Asubuhi tulichimba udongo mweusi tukaukanyaga hadi ulainike, huku tukitaniana nani ana kisigino kigumu. Jioni kijiji kizima kilinuka moshi wa nyasi tulizochomea vyungu, na maharagwe ya bibi yalichemka taratibu, yakiwa na ladha ambayo sufuria haiijui kabisa. Vita vya Kongo vilipofunga mpaka, wanunuzi wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, walikatika. Tulijifariji kwamba udongo upo, na vita vitaisha.

Kisha ikaja kampuni ya kutafuta gesi. Tukatangaziwa kwamba kinamasi si chetu. Bibi hakubishana. Kwetu ni mwiko kuruka chungu ambacho hakijachomwa; ukikikuta njiani unazunguka, hata kama ni kwenye miiba. Basi wanawake wote wakatoa vyungu vyao vibichi, wakavipanga kuziba njia ya kinamasi.

“Atasimama huyo wa kampuni,” bibi alituambia. “Ata akuwe mukubwa namna gani, muntu hawezi ruka chungu mubichi.”

Nilimwamini. Tulikaa kando tukingoja, wengine wakicheka kabisa, na mashine ya kuchimba ya kampuni ikaja. Haikupunguza hata mwendo. Vyungu havikupiga kelele. Vilibonyea tu chini ya magurudumu. Dereva aliposikia bibi akilia alisimama, akateremka. Alikuwa kijana mpole, mgeni huku.

“Pardon, Maman,” akasema. “Nilizania ni matope.”

Angetutukana ningemchukia, na labda chuki ingenisaidia. Lakini aliomba radhi kwa moyo wote, akapanda tena, akaendelea na kazi.

Gesi hawakuipata. Waliondoka wakatuachia mashimo yanayotoa maji ya chumvi, yakaharibu udongo wa kinamasi, na tangu hapo kila chungu kilipasuka motoni. Jirani alimshauri bibi aloweke upya udongo wa vyungu vile vilivyobonyea njiani. Alikataa hata kuugusa. Alikuwa ameniahidi kwamba nikikua atanifundisha kuufinyanga mdomo wa chungu, sehemu ngumu kuliko zote. Nilikua. Sijui kufinyanga.